Karabai: taa ya mafuta iliyorithi jina la taa nyingine

Swali la msomaji wa Ujiji, Kigoma:

"Nyumbani kwetu kuna karabai aliyoiacha marehemu babu, aliyekuwa akivulia dagaa. Wazee wa hapa wana maelezo mawili ya jina hilo. Wengine wanasema karabai lilikuwa jina la Mhindi aliyeziuza, wengine wanasema ni jina la kiwanda. Lipi la kweli, na ni nani aliyeibuni taa hii? Je, majina chemli na kibiriti nayo yalikujaje? Tena, tukiiwasha taa yenyewe siku hizi inapwita, mwanga unapanda na kushuka, na mara nyingine moto wa njano unaruka mpaka juu ya kofia. Tufanye nini?"

Jibu:

Ndugu yangu, maelezo yote mawili si sahihi. Karabai limetokana na karbaidi, jiwe la rangi ya kijivu ambalo likiguswa na maji hutoa gesi inayowaka. Kinachowapoteza watu ni kwamba ndani ya taa ya babu yako hamna karbaidi hata punje moja. Mna mafuta ya taa. Jina hilo lilikuwa la taa nyingine iliyotangulia. Taa ile ilipopitwa na wakati, jina lilihamia kwa taa mpya iliyoshika kazi yake, yaani kutoa mwanga mkali kuliko utambi wowote. Ukitafuta maana ya jina katika sehemu za taa uliyonayo hutaipata, na nadhani ndiyo sababu watu wamemtafuta Mhindi.

Tuanze na taa ya kwanza. Mjerumani Friedrich Wöhler alitengeneza karbaidi ya kalisi mwaka 1862, lakini kidogo sana, kwa ajili ya maabara tu. Aliyeifanya iwe bidhaa ni Mkanada Thomas Willson, mwaka 1892, katika mji mdogo wa Spray huko North Carolina, Marekani. Willson alikuwa akitafuta njia rahisi ya kupata alumini. Alichoma chokaa pamoja na lami ya makaa ya mawe katika tanuri la umeme akitarajia kupata kalisi, metali iliyomo ndani ya chokaa, ambayo angeitumia katika hatua inayofuata. Tanurini mkatoka bonge jeusi linalovunjika kirahisi. Alipolitumbukiza majini lilitoa gesi, jambo ambalo kalisi nayo ingelifanya, kwa sababu kalisi ikiingia majini hutoa haidrojeni. Lakini haidrojeni huwaka bila moshi, na gesi hii ilipowashwa ilifuka masizi mazito. Kwa dalili hiyo ilijulikana kwamba lile bonge si kalisi. Gesi yenyewe ilikuwa asetilini, iliyogunduliwa na Edmund Davy mwaka 1836 na kupewa jina hilo na Mfaransa Marcellin Berthelot mwaka 1860. Mwaka ule ule wa 1892, Henri Moissan wa Ufaransa naye aliifikia karbaidi kwa tanuri lake mwenyewe, bila kushirikiana na Willson.

Kilo moja ya karbaidi ya dukani hutoa gesi ya asetilini karibu lita 300. Kwa hiyo mtu aliweza kubeba gesi mfukoni ikiwa jiwe kavu, akaitoa pale anapoihitaji. Taa yake ilikuwa na vyumba viwili. Cha juu kiliwekwa maji na cha chini karbaidi, na katikati palikuwa na vali ndogo iliyoachia maji tone kwa tone. Ukiongeza matone gesi inazidi na moto unakua. Ukifunga, moto unafifia polepole mpaka unyevu uliobaki uishe. Gesi ilitokea kwenye midomo miwili midogo iliyoelekeana, ndimi mbili za moto zikagongana na kutandazika kama jani. Nyuma yake palikuwa na sahani ya bati inayong'aa ya kurudisha mwanga mbele. Katika chumba cha chini kilichobaki ni tope la chokaa, lililopaswa kukwanguliwa kabla ya kujaza upya. Mwaka 1900 Frederick Baldwin wa New York alipata hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu, ya taa ndogo ya namna hii iliyokuja kutumiwa sana na wachimba migodi. Baiskeli na magari ya mwanzo nayo yalitembea usiku kwa taa za karbaidi.

Jina lilipofika Kiswahili lilifanyiwa yale yale yaliyofanyiwa maneno mengine ya kigeni. Ulimi wetu hautaki konsonanti mbili za namna hiyo zikae bega kwa bega, hivyo "rb" ilitiwa irabu katikati ikawa "rab", na mwishoni ile "d" iliyokuwa haisikiki vizuri ikaachwa. Ndivyo burashi na kilabu zilivyopata irabu zake. Kwa Kigoma kuna ushahidi mwingine ninaoupenda. Wajerumani, walioitawala nchi mpaka vita vya 1914 hadi 1918, wanaiita Karbid. Neno hilo lingetupa "karabidi". Wabelgiji walioingia Kigoma mwaka 1916 na kukaa mpaka 1921 walitumia Kifaransa, na Wafaransa husema carbure, ambalo lisingeweza kuzaa karabai kwa njia yoyote. Ile sauti "bai" hutokea katika matamshi ya Kiingereza peke yake. Neno shule tulipewa na Wajerumani. Neno karabai lilipita mlango wa Waingereza. Na ukilifuata neno mpaka shinani utafika kwenye Kilatini carbo, yaani makaa.

Sasa taa ya babu yako. Hii haina mbuni mmoja, na anayekutajia jina moja anakata hadithi katikati. Ni vitu vitatu vilivyounganishwa.

Cha kwanza ni mafuta ya taa yanayosukumwa kwa hewa na kugeuzwa mvuke kabla ya kuwaka. Jambo hilo lilienea kwa jiko la Msweden Frans Wilhelm Lindqvist, la mwaka 1892, lililoitwa Primus, neno la Kilatini lenye maana ya "wa kwanza". Halikuwa na utambi wala masizi. Cha pili ni kile kifuko cheupe kinachong'aa. Hicho ni kazi ya Carl Auer von Welsbach wa Vienna, Austria. Aliloweka kitambaa cha pamba katika chumvi za madini adimu, akakichoma. Uzi ukaungua na kutoweka, ukabaki wavu wa majivu magumu wenye umbo la kitambaa. Vifuko vyake vya 1885 vilitoa mwanga wa kijanikijani na kuvunjika upesi, watu wakavikataa. Mwaka 1891 akapata mchanganyiko sahihi: oksidi ya thoriamu asilimia 99 na ya seriamu asilimia 1. Hiyo asilimia moja ndiyo inayong'arisha. Ukiipunguza au ukiizidisha mwanga unapungua. Cha tatu ni kuviweka vitu hivyo viwili juu ya tangi moja dogo la kubebeka. Viwanda kadhaa vilifanya hivyo, lakini taa iliyoigwa zaidi duniani ni ya Max Graetz wa Berlin, ya mwaka 1910 hivi. Jina lake, Petromax, limeunganishwa kutoka Petroleum, neno la Kijerumani la mafuta ya taa, na Max la mwenyewe. Karabai nyingi zilizofika kwetu, hata zilizotengenezwa mbali na Ujerumani, zimefuata umbo hilo.

Kwa hiyo wanaosema ni jina la kiwanda hawako mbali sana: taa hii kweli ilikuwa na jina la kiwanda, ila jina hilo siyo karabai.

Tazama ubavu wa tangi au kwenye kofia. Mara nyingi utakuta namba 350 au 500. Ni kipimo cha zamani cha mwanga, yaani taa ina nguvu sawa na mishumaa 350 au 500. Chemli ya kawaida haivuki sana mishumaa kumi. Tofauti hiyo ndiyo iliyoifanya karabai itawale ziwa. Zamani wavuvi wa Tanganyika walikusanya dagaa kwa mwenge uliowaka juu ya mtumbwi, wakawachota kwa lusenga, yaani wavu wa kuchotea wenye mpini. Mwenge unahitaji mtu wa kuulisha, unazimwa na mvua, na mwanga wake unacheza. Karabai ya lita moja inawaka takriban saa 8 bila kutingishika, yaani usiku wote wa kazi. Sababu ya kazi kusimama siku za mbalamwezi inatokana na jambo hilo hilo: mwezi ukiangaza ziwa lote, doa la mwanga la taa halina tena nguvu ya kuwakusanya samaki mahali pamoja.

Kuhusu chemli nitasema kwa kifupi. Limetokana na neno la Kiingereza la bomba la moshi, chimney, ambalo kwenye taa ni jina la kile kioo kinachozunguka moto na kuvuta hewa kwenda juu. Taa nzima imeitwa kwa jina la kioo chake. Mirija miwili ya pembeni, ambayo wengi wanadhani ni mishikio tu, ni ubunifu wa John Irwin wa Marekani, kuanzia 1868. Hewa hupita ndani yake kwenda kwenye moto, ndiyo maana upepo hauizimi chemli kama unavyozima koroboi. Mirija ikipondeka au ikiziba kwa buibui, chemli inatoa moshi hata utambi ukiwa mzuri.

Kandili tumeipata kwa Waarabu, qindil, nao walilipokea kutoka kwenye neno la Kilatini la mshumaa, candela.

Kibiriti nacho ni neno la Kiarabu, nalo lina jambo la kushangaza: kibrit ni salfa, yale madini ya njano yenye harufu kali. Kabla ya kuwapo njiti za kujiwasha, watu wa nchi nyingi walichovya vijiti katika salfa na kuvigusisha kwenye kaa lenye cheche. Salfa ilishika moto upesi na kuupeleka kwenye kijiti. Njiti inayowaka kwa kusuguliwa ilibuniwa mwaka 1826 na John Walker, mwuza dawa wa Stockton-on-Tees, Uingereza, akaanza kuiuza 1827. Njiti salama tunayoitumia leo, ambayo fosforasi nyekundu iko ubavuni mwa kisanduku badala ya kuwa kwenye kichwa cha njiti, inatokana na kazi ya Msweden Gustaf Erik Pasch wa mwaka 1844. Jiwe la kibiriti cha gesi, lile linalotoa cheche ukizungusha kigurudumu, lilibuniwa mwaka 1903 na Auer von Welsbach, huyo huyo wa kifuko cha karabai. Alikuwa na mabaki mengi ya seriamu kutoka kiwanda cha vifuko, akaichanganya na chuma karibu asilimia 30, akapata metali inayotema cheche ikikwaruzwa. Ukiiwasha karabai kwa kibiriti cha gesi, mikono yote miwili imeshika kazi ya mtu mmoja.

Sasa matatizo ya taa yako, na hapa naomba usiruke hatua, kwa sababu taa ya zamani iliyokaa bila kutumika ni chombo cha presha kabla ya kuwa taa.

Usianze kwa kuiwasha. Mwaga mafuta yote, acha tangi lipepee nje, kisha funga kila kitu na upampu hewa tupu mpaka geji ikaribie mstari mwekundu, ambao kwa taa nyingi ni presha ya baa 2 hivi. Paka povu la sabuni kwenye maungio yote: shingo ya tangi, mdomo wa kujazia, geji, vali. Povu likitoa viputo, hapo panavuja. Gasketi zilizokauka zibadilishwe zote kwa pamoja. Iache nusu saa. Mshale wa geji usishuke kwa kiasi cha kuonekana. Ikiwa viputo vinatoka kwenye ukuta wa tangi lenyewe, au kwenye mshono wake, hiyo iwe taa ya kumbukumbu. Usimpe fundi ailehemu na kuirudisha kazini, maana risasi ya kulehemia inalainika kwa joto ambalo sehemu ya juu ya tangi inaweza kulikaribia taa ikiharibika.

Pampu isiposhika hewa, tatizo mara nyingi ni ngozi yake. Itoe, ipake mafuta ya cherehani, itanue kwa vidole mpaka iguse ukuta wa silinda pande zote. Mpini ukirudi juu wenyewe baada ya kusukuma, au ukikuta mafuta ya taa ndani ya silinda ya pampu, ngozi haina kosa. Vali ya chini ya pampu ndiyo isiyofunga.

Ule moto wa njano unaoruka juu ya kofia maana yake ni moja: mafuta yanafika kwenye kifuko yakiwa maji badala ya mvuke. Sababu ya kawaida ni haraka. Bomba la mvuke lazima lipate joto kwanza. Jaza kikombe chake spiriti, washa, acha iungue dakika moja na nusu au mpaka ikaribie kwisha, ndipo ufungue gurudumu la kuachia mafuta. Pakiwa na upepo wa ziwani kikombe kimoja hakitoshi. Subiri moto ufe kabisa na kikombe kipoe kabla ya kumimina tena. Kumimina spiriti juu ya moto usioonekana vizuri kumewaunguza watu wengi. Moto ukiruka, funga gurudumu. Usiongeze pampu, kwani presha inasukuma mafuta mabichi mengi zaidi. Ukishatulia, na taa ikiwa nje penye hewa, legeza skrubu ya presha, acha ipoe, uanze upya. Kama unapasha joto vizuri na bado inaruka, tundu la nozeli, kile kijimdomo kinachorusha mvuke, limepanuka au nozeli haikukazwa.

Kupwita ni habari nyingine. Presha ikiwa chini, pampu tu itaponya. Presha ikiwa sawa, zungusha gurudumu kwenda na kurudi mara tatu nne ili sindano ya ndani isafishe tundu. Isipopona, zima, ipoe, fungua nozeli uitazame kuelekea mwanga. Tundu lake ni jembamba kama unywele, na kosa ninalolisikia kila mahali ni kulichokonoa kwa sindano ya kushonea. Litazibuka, lakini limekuwa kubwa. Kuanzia siku hiyo mafuta yanazidi hewa na taa inakula mafuta, inatoa masizi, inapwita zaidi ya mwanzo. Nozeli mpya ni nafuu kuliko mafuta hayo. Iwapo nozeli ni safi, basi bomba la mvuke limejaa kaa ndani. Ondoa fimbo ya sindano, pitisha kipande cha waya wa breki ya baiskeli chenye nyuzi zilizochanuka, vuta na kusukuma mpaka unga mweusi uishe, kisha pitisha mafuta ya taa kidogo kusuuza.

Kagua na mafuta yenyewe. Yaweke kwenye chupa nyeupe usiku mmoja. Maji yatatulia chini, na taa zilizokuwa zikipanda mitumbwini hunywa maji kwa urahisi. Tone moja likifika kwenye bomba la moto hugeuka mvuke ghafla na taa inakohoa. Chuja kwa kitambaa kizito, jaza tangi robo tatu tu ili hewa ipate nafasi. Usichanganye petroli hata kidogo. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yafike joto la nyuzi 38 au zaidi, ilhali petroli hutoa mvuke huo hata penye barafu. Petroli ndani ya tangi lenye presha, chini ya moto, ni bomu.

Kifuko kipya kifunge kwa uzi wake pande zote sawasawa, kisha kichome kwa njiti kabla ya kuwasha taa, mpaka kiwe cheupe chote. Kitasinyaa, ndivyo kinavyotakiwa. Toka hapo kisiguswe wala taa isitikiswe. Kikitoboka, kibadilishe siku hiyo hiyo, kwa sababu ulimi wa moto unaopenya tundu hupiga kioo mahali pamoja na kukipasua. Vifuko vya zamani vina thoriamu, yenye mionzi hafifu. Kukaa karibu na taa si tatizo. Kuvuta vumbi lake ndilo baya. Mabaki yaokote kwa kitambaa kibichi, uyatie kwenye mfuko, unawe mikono, na watoto wasipulize majivu hayo. Viwanda vingi siku hizi vinatumia itriamu badala yake, hivyo ukinunua kipya soma pakiti.

Iwashieni nje au barazani. Ndani ya chumba kilichofungwa karabai inamaliza hewa na kutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, hata kama mwanga wake ni mweupe na hakuna moshi unaoonekana.